Nakula sana na bado nimekonda, nifanyeje?

Mama, nakusalimu kwa heshima.

Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Umoja, Nairobi, na kazi yangu ni kutengeneza simu mjini, upande wa Luthuli. Nakuandikia kuhusu mwili wangu, na naomba usinicheke kwa maana nimechekwa vya kutosha.

Urefu wangu ni sentimita 176 na uzito ni kilo 55. Uzito huo haujabadilika tangu nimalize kidato cha nne. Marehemu baba alikuwa hivi hivi, mrefu na mwembamba, na ukiona picha zake za ujana utadhani ni mimi. Nyumbani walinizoea. Mjini ndiko nilikoanza kuitwa Sindano, na sasa hata wateja wasiojua jina langu wanauliza Sindano yuko wapi. Hilo nalo nimelizoea. Lililoniumiza ni la majirani katika ploti yetu. Mapema mwaka huu nilipata homa nikalala siku kadhaa, na nilipotoka kuanika nguo nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba vijana wa siku hizi wanaficha ugonjwa mpaka uonekane kwa macho. Nilienda kupimwa virusi vya Ukimwi, sina. Lakini nitamwonyesha nani hiyo karatasi?

Isitoshe, Desemba naenda Murang'a kujitambulisha kwa akina mchumba wangu. Mjomba wake aliwahi kuniona hapa mjini, akamuuliza mbele yangu kama huyu kijana anaweza kubeba gunia. Tangu siku hiyo navaa sweta juu ya shati hata jua likiwaka.

Watu hufikiri sili. Mama, nakula! Usiku nikisonga ugali, mwenzangu tunayekaa naye hamalizi hata nusu ya ule ninaomaliza mimi. Nakula na sukuma, na siku pesa zikiwepo naongeza yai au nyama kidogo. Asubuhi naamka saa kumi na moja, nakunywa strungi, yaani chai bila maziwa, na slesi tatu za mkate, kisha mbio hadi steji. Mchana mteja hawezi kuachwa, kwa hiyo nakula nikipata nafasi, mara nyingi saa tisa au saa kumi: smokie, yai boilo na soda. Kuanzia mchana hadi alasiri huwa tunatafuna majani ya muguka kidogo na vijana wa hapo dukani, kuondoa usingizi tu. Jumapili naenda kwa mama Dandora na nakula mpaka nashindwa kuinuka.

Mazoezi nimejaribu. Kila asubuhi napiga pushapu mia moja kabla ya kuoga, na Jumamosi nakimbia. Nimefanya hivyo kwa miezi mingi na mikono ni ile ile.

Sasa binamu yangu wa kike anatumia vidonge fulani alivyouziwa mjini, vya rangi mbili, vimefungwa kwenye karatasi ya kaki bila jina lolote. Kwa wiki chache tu mashavu yake yamejaa na kila mtu anamsifu. Ameniletea vya mwezi mzima. Viko kwenye droo kazini, sijameza hata kimoja. Kuna na rafiki anayeenda jimu anayeniambia bila mkebe wa unga wa protini najisumbua bure, lakini bei yake inakaribia kodi ya nyumba yangu.

Mama, sitaki kitambi. Nataka mabega, nataka mikono, nataka shati linikae. Nimeze hivyo vidonge? Ninunue unga? Au nikubali tu kwamba Mungu aliniumba hivi?

Sindano, Umoja


Mwanangu, vidonge vilivyo kwenye droo yako usivimeze. Naanza na hilo kwa sababu mtu aliyeumizwa na maneno ya majirani anaweza kuifungua hiyo droo siku yoyote, na ningetaka barua hii ifike kabla ya siku hiyo.

Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila jina, hasa vikiwa vya aina mbili kwa pamoja, mara nyingi huwa ni mchanganyiko wa dawa mbili zinazojulikana vizuri. Moja ni saiproheptadini, dawa ya mzio ambayo humletea mtu njaa na usingizi mzito. Nyingine ni deksamethasoni, steroidi ambayo madaktari huitoa kwa magonjwa mazito, kwa vipimo, na kwa muda wanaouchunga. Hii ya pili ndiyo inayojaza mashavu. Lakini kinachoyajaza si nyama. Ni maji na mafuta yanayojikusanya usoni, shingoni na tumboni, wakati misuli ya mikono na mapaja inazidi kuisha. Yaani wewe unayetaka mabega bila kitambi ungepewa kitambi bila mabega. Mtu akiendelea nayo, sukari hupanda, presha hupanda, mifupa hudhoofika, na mwili hupoteza nguvu ya kupigana na maradhi. Siwezi kuona kilichomo kwenye karatasi yako ya kaki, na wewe pia huwezi. Sababu hiyo peke yake inatosha kuvirudisha. Binamu yako nitamrudia mwishoni, maana yake ni ya haraka kuliko yako.

Sasa mwili wako. Ukigawanya kilo zako 55 kwa urefu wako wa mita 1.76 uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 17.8. Madaktari huhesabu chini ya 18.5 kuwa uzito pungufu. Kwa hiyo uko chini ya mstari, lakini si mbali: kilo 57 na nusu zinakuvusha. Nimekutajia hesabu hiyo ili ujue kwamba jambo lako lina ukubwa wake halisi, na ukubwa huo si ule unaousikia kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kukonda hakupimi virusi. Wako wengi hapa Nairobi wanaoishi na virusi, wanameza dawa zao kila siku, na ni wanene wenye afya kuliko huyo mama aliyekusema. Ulikwenda ukapima, unajua hali yako. Karatasi hiyo ni yako na huna deni la kumwonyesha mtu.

Kinachonituliza zaidi ni kwamba uzito wako haujashuka na kwamba baba yako alikuwa na umbo hilo hilo. Anayenitia hofu ni mtu aliyekuwa na kilo 65 na sasa ana 58 bila kujua kwa nini. Hata hivyo, kwa vile ulilala na homa mwaka huu, pita kliniki kabla ya kuanza lolote. Wakupime wingi wa damu, sukari, na choo kwa ajili ya minyoo. Ukiwa na kikohozi kilichozidi wiki mbili au unaamka shuka limelowa jasho, waambie, upimwe kifua kikuu. Katika hospitali za umma kipimo na dawa ni bure. Moyo kwenda mbio umekaa tu, mikono kutetemeka na kuhisi joto wakati wenzako wanavaa jaketi, hayo nayo yaseme, maana tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huyeyusha mtu. Hujaniandikia hata moja kati ya hayo, nami nataraji hakuna.

Umeuliza kama Mungu alikuumba hivi. Kwa sehemu, ndiyo, na jambo hili limepimwa. Mwaka 1990 mtafiti Claude Bouchard na wenzake kule Quebec, Kanada, walichapisha matokeo ya vijana pacha wa kufanana, jozi 12. Kila kijana alilishwa kalori 1,000 juu ya mahitaji yake, siku sita kwa wiki, hadi zikafika siku 84. Chakula cha ziada kilikuwa sawa kwa wote, lakini mmoja aliongezeka kilo 4.3 na mwingine kilo 13.3. Na pacha wa jozi moja walikaribiana, kuonyesha kwamba damu ina usemi mkubwa. Miili mingine ikiongezewa chakula huanza kukitumia bila mwenyewe kujua: mtu anatikisa mguu, anasimama, anazunguka, hatulii. Huenda wewe ni wa kundi hilo, kama mzee wako.

Lakini itazame tena ile namba ndogo. Yule ambaye mwili wake ulikataa kuliko wote aliongezeka kilo 4.3. Hakuna hata mmoja aliyebaki pale pale. Kilo 4.3 juu ya zako ni 59, na kwa kilo 59 wewe si mtu wa uzito pungufu tena. Maumbile yako yatakufanya uende polepole kuliko wengine, na huenda usiwe mnene kamwe. Kukuzuia kabisa hayawezi.

Basi kwa nini hujasogea? Mwanangu, jibu umeliandika mwenyewe, nami nimelihesabu. Strungi na slesi tatu ni kama kalori 270. Smokie, yai na soda ni kama 320. Ugali wako wa usiku, nikiukadiria kuwa zaidi kidogo ya robo kilo ya unga, ni kama 1,000, na sukuma pamoja na mafuta yake na kipande cha nyama ni 300 nyingine. Jumla haifiki 2,000. Kijana wa urefu wako anayetaka kuongezeka anahitaji kupita 2,500. Theluthi mbili ya chakula chako cha siku nzima iko kwenye sahani moja ya usiku, na sahani hiyo ni kubwa kweli, kwa hiyo wewe na mwenzako mmeamini kwamba unakula sana. Unakula sana usiku. Tangu alfajiri hadi saa mbili jioni, mwili wako unaishi kwa mkate na soda. Halafu Jumapili unakula kwa mama mpaka unashindwa kuinuka, na Jumatatu na Jumanne njaa haiji vizuri, nawe unapunguza bila kujua.

Na kuna sentensi moja uliyoipitisha haraka, ya muguka. Umesema ni kuondoa usingizi tu. Muguka na miraa zina kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini, na mojawapo ya kazi zake mwilini ni kuua njaa. Ndiyo maana mchana unaweza kumhudumia mteja baada ya mteja bila tumbo kukusumbua. Hufungi kwa sababu ya kazi peke yake. Unafunga kwa sababu njaa yako imezimwa. Tena unaitafuna alasiri, kwa hiyo usiku usingizi unachelewa, na saa kumi na moja alfajiri uko macho. Usingizi husaidia misuli kujengeka, na kijana wa umri wako anataka saa saba au nane. Kusema kweli, ukiniahidi jambo moja tu katika barua hii yote, niahidi hili la muguka. Wiki ya kwanza utasinzia na kichwa kitakuuma kidogo, na vijana wa dukani watakushawishi. Vumilia. Ukiona njaa imekurudia saa saba mchana, ujue umeanza kupona.

Nenda kwa hatua, usibadilishe kila kitu siku moja. Tumbo lililozoea kulala mchana kutwa likishtuliwa hujaa gesi, nawe utasema chakula hakikufai.

Hatua ya kwanza ni asubuhi. Strungi hiyo iondoe, kwa maana haina chakula ndani yake na ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Badala yake pika uji. Chukua vijiko vinne vikubwa vya unga wa wimbi, uukoroge kwa maji baridi nusu kikombe mpaka madonge yote yaishe. Mimina kwenye maji yanayochemka kikombe kimoja, koroga bila kuacha hadi utokote, punguza moto, uache dakika kumi. Tia maziwa kikombe kimoja na robo, haya haya ya mashine (ATM) ya mtaani, yachemke. Epua. Sasa chota uji kidogo kwenye kikombe, uyeyushe ndani yake vijiko viwili vikubwa vya siagi ya njugu, kisha urudishe kwenye sufuria. Usipoyeyusha pembeni kwanza, siagi inakwenda kujigandisha chini na unabaki kuikwangua. Ongeza sukari vijiko viwili vidogo. Hapo una kalori 500 na protini gramu 20 hivi, na hujatafuna kitu, jambo linalomfaa mtu asiye na hamu ya kula alfajiri. Nusu unywe nyumbani, nusu utie kwenye chupa ya chai unywe saa nne ukiwa kazini. Kama maziwa mabichi yanakuvuruga tumbo, pika uji kwa maji na unywe maziwa lala kando. Wengi wanaosumbuliwa na maziwa huyaweza yakishaganda.

Siagi ya njugu isikutie uvivu wa kuichagua. Nunua mahali panapouza haraka, na njugu ikiwa chungu au ina ukungu, tupa. Sumukuvu ni kitu tunachokijua nchini hapa. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota ukungu yaliua watu zaidi ya mia moja kule Ukambani.

Kwa wiki mbili badiliko lako liwe hilo la uji peke yake, mengine yabaki kama yalivyo. Halafu nenda kwenye mchana. Chakula cha mchana ni saa saba, na mteja atasubiri dakika ishirini. Mjini hamkosi mama wa kibanda anayepeleka sahani madukani. Zungumza naye akuletee kila siku saa hiyo hiyo, mlipane Jumamosi, ili uamuzi wa kula usikutegemee wewe ukiwa umeinamia simu ya mtu. Agiza chapati mbili na bakuli la madondo, yaani maharagwe: karibu kalori 800 na protini zaidi ya gramu 25. Siku nyingine githeri na nusu avokado, siku nyingine wali na ndengu, siku ya matumbo ule matumbo. Pesa za smokie na soda ziingie hapo, na kama ni lazima uongeze kidogo, ziongezee zile za muguka.

Usiku sitakunyang'anya ugali. Upunguze robo, na ile nafasi uijaze kitu chenye protini kila siku bila kukosa, si siku pesa zikiwepo. Hapo ndipo omena inapokuokoa. Kwa bei ya kipande cha nyama unapata omena ya siku mbili tatu, na zikiwa kavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Zioshe kwa maji moto, zichemshe kidogo umwage maji, ndipo uzikaange na nyanya na kitunguu cha kutosha. Usiku mwingine kaanga mayai matatu au pasha ndengu zilizobaki. Sukuma iendelee, na usiogope kijiko cha mafuta. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 na hakichukui nafasi tumboni.

Akiba yako iwe njugu karanga mfukoni na ndizi mbili za kuiva. Zianze tu kama mizani imekataa kusogea. Kijana mwembamba hujaribu kuanza na kila kitu, akachoka baada ya wiki tatu, akarudi kwenye strungi.

Umeuliza juu ya unga wa protini. Mtu anayejenga misuli anatosheka na gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo wewe unataka karibu gramu 90 kwa siku. Leo hufiki 60. Ukifuata niliyoyasema utakuwa umefika hapo au karibu sana, bila mkebe. Unga huo mara nyingi hutokana na maziwa yaliyochujwa na kukaushwa. Haudhuru mtu mwenye afya, lakini hauna kitu ambacho trei ya mayai haina. Lipa kodi ya nyumba.

Chakula bila kazi ya misuli kitakuletea kitambi usichokitaka, na mazoezi yako ya sasa hayatoshi. Pushapu mia kila siku zilikujenga mwezi wa kwanza. Baada ya hapo mwili ulizizoea, na mwili haujengi misuli kwa kazi unayoiweza tayari. Lazima mzigo uongezeke. Eastlands hapo kuna jimu za mtaani zenye vyuma vilivyotengenezwa kwa mikebe iliyojazwa simiti. Vinafaa kabisa, misuli haisomi jina la kampuni. Nenda mara tatu kwa wiki, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Chuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani. Inua chuma kutoka sakafuni mgongo ukiwa umenyooka. Lala chali kwenye benchi usukume. Ning'inia kwenye chuma cha juu ujivute. Kila zoezi seti tatu, kila seti mara 8 hadi 12, kwa uzito ambao mara mbili za mwisho unazipata kwa shida, na upumzike dakika mbili kati ya seti. Ukifika mara 12 katika seti zote, siku inayofuata ongeza uzito kidogo. Andika kila kitu kwenye daftari, kwa sababu kumbukumbu hudanganya na utaona unanyanyua chuma kile kile miezi minne. Wiki za mwanzo mwombe mtu mzoefu akuangalie mgongo. Mbio za Jumamosi ziache kwa sasa, ucheze mpira mara moja moja ukitaka.

Kisha mizani. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya uji, kwenye mizani ile ile. Unatafuta robo kilo hadi nusu kilo kwa wiki. Chini ya robo kwa wiki mbili mfululizo, toa njugu na ndizi kwenye akiba. Zaidi ya nusu kwa muda mrefu, ujue mengi ni mafuta, punguza kidogo. Kwa mwendo huo, miezi mitatu inakupa kilo tatu hadi sita. Shati litaanza kukukaa mabegani kabla watu hawajasema lolote. Wiki moja moja mizani itasimama, au itashuka ukiwa na mafua. Usiihesabu wiki hiyo. Lakini kama umefuata asubuhi na mchana kwa miezi miwili kwa uaminifu na uzito haujasogea hata kilo moja, chukua daftari lako urudi kliniki, wakupime tezi na tumbo kwa undani. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maneno.

Kuhusu Murang'a, sitakudanganya kwamba utafika Desemba ukiwa mtu mwingine. Utafika ukiwa na kilo kadhaa zaidi na mgongo ulionyooka, kwa maana kuinua vyuma humnyoosha mtu. Mwambie mchumba wako mapema jinsi maneno ya mjomba yalivyokuuma, ili siku hiyo usiwe peke yako ukiyasikia. Alikuchagua akikuona hivyo ulivyo. Na sweta ivue.

Sasa binamu yako, na hili lifanye wiki hii. Kama amemeza vidonge hivyo kwa wiki kadhaa, usimwambie avitupe leo usiku. Deksamethasoni ikikaa mwilini muda, tezi zilizo juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza homoni ya namna hiyo, huacha kazi. Akikatiza ghafla anaweza kulegea mwili mzima, kutapika, presha ikaanguka hata akazirai, na akipatwa na malaria au ajali wakati huo hatari huwa kubwa zaidi. Mpeleke hospitali pamoja na ile karatasi ya kaki na vidonge vilivyobaki, vyake na vyako, daktari avione. Apimwe sukari na presha, na apewe utaratibu wa kupunguza kidogo kidogo. Atakasirika, kwa sababu kila mtu anamsifu mashavu. Nenda naye hata hivyo, na akiwa ameanza kusikia kizunguzungu au udhaifu, nendeni siku hiyo hiyo.